Cherehani Niliyoiposa kwa Picha

Nakumbuka asubuhi moja nilimshinda mtu nisiyemjua, nikatoka uani kifua mbele kama niliyerudi vitani. Mwanangu, jana ulinionyesha jokofu kwenye simu yako, ukasema mnada unafungwa kesho na wewe ndiye uliye juu. Sikukupongeza, lakini si kwa hekima. Nilikuwa nakumbuka aibu yangu. Ngoja nikusimulie kabla nawe hujawa mshindi.

Nilikuwa kijana, nimeoa karibuni, nina shahada na maneno mengi. Shangazi yangu Mwanahawa, aliyenilea hapa Bagamoyo, alishona sare za shule kwa cherehani ya miguu iliyonizidi umri. Ilikuwa ikilia kama bawaba yenye kutu. Nikaona haya kwa niaba yake, ingawa yeye hakuniomba. Nikaingia kwenye mnada wa mtandaoni: muuzaji anaweka picha, watu wanapandisha bei, muda ukiisha aliye juu ndiye mwenye mali. Muuzaji alikuwa Chalinze. Cherehani yake ya umeme, “imetumika kidogo tu”, ilimeremeta, na kando yake alitandaza kitambaa chenye pindo lililonyooka kama limepigiwa rula.

Mtu mmoja akawa ananipandia bei. Nikiongeza, naye anaongeza. Ikafika mahali sikuwa nanunua cherehani tena. Nilikuwa nalinda heshima yangu mbele ya mtu ambaye hata sura yake siijui. Asubuhi mnada ukafungwa nikiwa juu, nikalipa. Leo nashuku mpinzani wangu alikuwa muuzaji mwenyewe.

Kosa la pili ndilo lililouma zaidi. Shangazi alikuwa Dar, amekwenda kumtazama mgonjwa. Nilitaka akirudi akute mpya tu, basi kabla mzigo haujafika nikaichukua ile kuukuu nikampa Bi Tatu wa Kaole, aliyewahi kufundishwa kushona na Shangazi. Ukarimu wa mali ya mwenzio ni mwepesi sana, mwanangu. Na shule zilikuwa zinafunguliwa wiki iliyofuata, wazazi wanasubiri sare alizowaahidi.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba, baba. Cherehani yangu iko wapi?”

Nikamwonyesha mpya. Akaketi, akaipapasa kama anayempima mtoto homa, akatia kitambaa. Sindano ikapanda na kushuka, kitambaa kikatoboka vizuri kabisa, lakini hakuna uzi ulioshika. Akaifungua chini. Kile chuma cha kudaka uzi kilikuwa kimelika, na kutu yake imepakwa rangi.

“Inatoboa,” akasema. “Haishoni.”

Nikampigia muuzaji. Hapatikani mpaka leo.

Nilingoja kugombezwa. Badala yake akauliza kwa upole, “Ulipotaka kuoa, baba, tulifanyaje?”

“Mlituma watu Mlingotini wakamuulizie binti.”

“Wakauliza nyumba ngapi?”

“Tatu.”

“Na binti ulikuwa umekwisha kumwona, tena umempenda. Kwa huyu wa Chalinze ulimtuma nani?”

Hapo nikakumbuka kuwa binamu yetu anaziba pancha palepale Chalinze. Nikajibu kwamba sikumtuma mtu.

“Hata kumpa mtu kipande cha kanga na uzi wako akaijaribu? Msomi wangu, uliutazama mshono, hukuuliza umeshonwa kwa cherehani ipi.”

Nikajitolea kwenda kudai ile ya zamani. Akanikataza. “Zawadi hairudishwi. Twende tukaombe nafasi ya kushonea.”

Basi wiki nzima nilibeba matita ya vitambaa hadi Kaole. Shangazi akishona asubuhi, Bi Tatu jioni, na mimi nikapewa vifungo.

“Msomi,” Bi Tatu aliniuliza, “hiki kifungo umekishona au umekifunga jela?”

Sare zilimalizika siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Neno la Shangazi halikuanguka, lakini cherehani yake ilibaki Kaole. Miezi kadhaa baadaye alijichagulia nyingine, imetumika pia, kwa jirani tuliyemjua. Alishona nayo siku tatu kabla ya kusema ndiyo. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika uzi.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi vitu vya mitumba. Nusu ya nyumba hii ni mitumba, na baba yako naye anaelekea huko. Nakukataza mbuzi wa kwenye gunia. Mtume mtu unayemwamini, alichomeke hilo jokofu kwenye umeme, aweke maji yake mwenyewe ndani, angoje mpaka yagande. Muuzaji akikataa, amekwisha kukujibu. Mtu akikupandia bei, mwache apande. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Na lile jokofu la mama yako linalotetemeka jikoni usimpe mtu bado. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Nenda, Mungu akupe macho ya kuona nyuma ya picha na subira ya kushindwa mnada. Na kila utakachokishika kwa mikono yako, sindano yake ishike uzi. Amin.