Siku Mama Alipomwambia Mjomba Aruke

Harufu ya dawa ya kuchua ilinikuta uwanjani Jumamosi iliyopita, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimeshavuka mstari na kumshika mwanangu mkono. Ana miaka minane. Kocha wake alikuwa amempaka hiyo dawa kwenye kifundo cha mguu kilichovimba kama andazi, anamwambia akaze, mechi inakaribia kuisha, wanaume hawalii. Nilimwambia kocha maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Jioni yake kundi la WhatsApp la wazazi lilikuwa linanijadili mimi. Baba mmoja, ambaye nina hakika hajui hata mwanawe anavaa kiatu namba ngapi, akaandika kwamba sisi akina mama tusioujua mpira tubaki na chupa zetu za maji.

Eti mimi siujui mpira. Nilikaa jikoni nikacheka kwa hasira. Mimi nimekulia chini ya meza ambayo vikosi vilipangwa juu yake, na kama mna muda niwaambie.

Tulikuwa tunakaa Mwembesongo, Morogoro. Mama alikuwa na banda la chai kando ya barabara, pale malori ya mboga kutoka Mgeta yalipokuwa yakisimama kushusha sehemu ya mzigo kabla ya kuendelea Dar. Lilikuwa banda la mabati na miti, na meza moja ndefu iliyochongwa na mtu mwenye haraka. Mama aliuza chai ya tangawizi, mihogo ya kuchemsha na vitumbua. Mpaka leo kabichi mbichi ikichanganyika na moshi wa dizeli mimi nasikia njaa. Najua si kawaida, lakini ndivyo ilivyo.

Alasiri meza ile haikuwa ya Mama tena. Ilikuwa ya mashabiki wa Korongo Stars, timu ya mtaa wetu iliyocheza ligi ya mkoa. Wakubwa wao walikuwa watatu. Mwarami, fundi baiskeli, alikuwa mwembamba mwenye sauti ya watu wanne. Baba Neema alitoka kiwandani akaja moja kwa moja na ovaroli lake, mkewe akimsubiri nyumbani bila matumaini. Karim alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa pili. Mababu zake walitoka India, yeye hakuwahi kutoka Morogoro wala kutaka kutoka, na ndiye aliyenunua jezi, kwa hiyo aliruhusiwa kukosea.

Walipanga kikosi kwa glasi zangu. Nasema zangu kwa sababu kazi ya kuziosha ilikuwa yangu. Kopo la sukari lilikuwa kipa. Glasi nne mbele yake zilikuwa mabeki, na kadhalika mpaka ukingo wa meza. Ukinyoosha mkono uchukue glasi chafu ukaioshe, unapigwa kofi mkononi.

"We Anjela, weka hapo. Huyo ni beki wa kulia."

"Lakini ina majani ya chai, shikamoo."

"Marahaba. Hata na majani yake anakaba."

Kocha wa timu, mwalimu wa shule ya msingi, mpole kupita kiasi, alikuja jioni kunywa chai na kutazama meza. Alidai kwamba hafuati ushauri wa mtu. Jumapili timu ikiingia uwanjani ilikuwa imepangwa vilevile kama glasi za Mama.

Sasa, winga wa kushoto wa Korongo Stars alikuwa Mjomba Pius, mdogo wake Mama. Mnaojua Uluguru mnajua mjomba ni nani kwetu. Baba yangu alikuwepo na hakuwa mtu mbaya, ila neno la mjomba lilitangulia. Alikuwa utingo kwenye lori la mboga na alilala sebuleni kwetu. Alfajiri alipanda Mgeta, alasiri akarudi amesimama juu ya viroba vya kabichi kama mtu aliyeinunua milima yote na kuifunga turubai. Lori likianza kupunguza mwendo, kabla halijasimama, aliruka. Kutoka kule juu kabisa. Alitua kwa miguu yote miwili, vumbi likapanda, naye akaanza kutembea hapohapo kana kwamba ameshuka kizingiti cha mlango. Watoto wa mtaa walikuwa wanasubiri kuona hilo tu. Mimi nilikuwa najifanya sitazami, kwa sababu mwenye mali haishangai mali yake.

Msimu ule ninaousema, mashabiki walimchoka.

"Pius amekwisha," alisema Mwarami. "Zamani alikuwa anapita kama upepo. Siku hizi anaomba njia."

"Anachoka na kabichi," alisema Baba Neema. "Mtu anabeba viroba wiki nzima, Jumapili unataka akimbie?"

"Basi tumuuze sokoni pamoja na kabichi zake," alisema Karim, na glasi ya namba kumi na moja ikatolewa ikawekwa pembeni, karibu na sahani ya pilipili.

Mama alipita na kitambaa chake akifuta meza, taratibu, glasi moja baada ya nyingine, na alipomaliza namba kumi na moja ilikuwa imerudi upande wa kushoto. Walimwona. Walinung'unika. Lakini chai ni yake na meza ni yake, na wengi wao walikuwa wanakunywa kwa mkopo. Basi mchezo ukawa huo karibu msimu wote, wao wakimtoa, Mama akimrudisha, na kocha akimpanga. Nilimwona Mama kama shujaa. Nilidhani naelewa kila kitu kinachoendelea pale.

Ligi ilipofika ukingoni ndipo hesabu zilipoanza. Tukishinda na wale wa Kilosa wakitoa sare, tunaingia mtoano. Tukitoa sare na wao wakifungwa, tunaingia. Mwarami aliacha baiskeli za watu zikiwa hazina magurudumu ili apige hesabu. Na kweli tukaingia. Mechi moja tu ya mtoano, mshindi anapanda daraja. Kwa wiki nzima watu waliokuwa hawasalimiani walisalimiana. Kukawa na habari nyingine pia, iliyoletwa na Karim kutoka Dar alikokwenda kuchukua mzigo wa misumari. Watu wa timu moja kubwa ya kule watakuja kuangalia mechi. Wanatafuta winga wa kushoto.

Kijana ambaye mashabiki walimtaka badala ya Mjomba alikuwa amepata kibarua Ifakara, akaondoka bila kuaga. Ghafla mdomo wa Mwarami ukageuka.

"Pius ndiye mechi hizi anaziweza. Mimi siku zote nasema."

"Unasema lini?" aliuliza Baba Neema.

"Moyoni."

Waliiweka glasi wenyewe. Karim aliifuta kwa leso yake kwanza. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba kazi yangu ni kuosha. Nikageuka nimtazame Mama, nione atakavyofurahi.

Mama akaja na kitambaa, akaichukua ile glasi, akaitumbukiza kwenye beseni la maji machafu.

"Huyu hachezi," alisema.

Walidhani ni utani. Mwarami akacheka, akamwambia, "Dada, msimu mzima sisi tunamtoa wewe unamrudisha, leo tumemrudisha wenyewe unamtoa. Unataka nini sasa? Tukuvishe jezi wewe?"

"Nimesema hachezi."

"Kwa nini?"

Nakumbuka Mama alivyokuwa anakamua kitambaa kikavu, hakina hata tone. Kocha akauliza kwa upole kama Pius anaumwa. Baba Neema akasema pengine ni mambo ya ukoo, wanaume tuyaache. Wakati huohuo lori likasikika linakuja, na Mjomba amesimama juu, fulana yake imejaa upepo.

Mama akatoka bandani. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, lakini siku ile aliipaza mpaka wauza nyanya ng'ambo ya barabara wakageuka.

"Kabla hamjampanga, mwambieni aruke."

Hakuna aliyeelewa. Mimi nilielewa kidogo tu, na ndicho kilichoniuma. Nilitambua kwamba ni muda mrefu sijasikia watoto wakishangilia pale. Kulikuwa na kipindi Mjomba alianza kusubiri lori lisimame, akasema dereva amemkataza. Tukaamini. Watoto wakatafuta mchezo mwingine.

Lori likasimama. Mjomba akatutazama wote kutoka kule juu. Mwarami, ambaye hakuona ubaya wowote, akapiga kelele, "Ruka, winga. Dada yako anataka kukuona."

Mjomba akamtazama Mama. Mama akamtazama yeye. Niliona amekunja magoti kidogo, mikono imetoka pembeni, kama zamani. Niliomba aruke. Nilitaka aruke, atue, vumbi lipande, na Mama aaibike mbele ya watu wote. Alikaa hivyo kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana. Mama hakusogea, ila mkono wake ulikuwa umenishika bega na kucha zake zilikuwa zinaniumiza.

Kisha Mjomba akaketi juu ya viroba. Akageuka, akatupa mgongo, akashuka kinyumenyume, mguu wa kulia ukitafuta ubao, kisha tairi, kisha ardhi, na wa kushoto ukifuata umenyooka kama mti. Alivyofika chini alibaki ameshika bodi la lori. Kati ya watu wazima wale wote, wenye midomo ile, Karim alikuwa wa kwanza kutazama chini.

"Umefurahi, dada?" Mjomba aliuliza.

Mama akamwambia, "Chai ipo."

Hakuinywa. Aliingia ndani akachukua begi lake, akaenda kulala kwa dereva. Jumapili Korongo Stars walicheza na kijana wa kuokoteza upande wa kushoto, wakafungwa bao moja. Watu wa Dar walikuja, wakatazama, wakaondoka na winga wa wenzetu.

Mtaa mzima ulijua nani wa kulaumiwa. Viti vya banda vilibaki vitupu. Mwarami alipita akiangalia upande mwingine, Baba Neema akagundua kwamba ana mke. Mihogo ilibaki tukala sisi asubuhi, mchana na jioni. Na mimi nilimnunia Mama kuliko wote. Nilimwambia usoni kwamba alimwonea wivu mjomba kwa sababu angekwenda kukaa Dar kwenye nyumba nzuri. Kwetu mtoto hasemi hivyo kwa mzazi. Nilisubiri kofi. Mama akasema nikachote maji.

Walirudi, bila shaka. Chai ya kwingine haikuwa na tangawizi. Mjomba alichelewa zaidi. Alirudi kuongea na Mama siku ya ubatizo wa mdogo wangu, tena kwa kumwomba chumvi. Leo ndiye dereva wa lori la mboga, anakanyaga klachi kwa mguu uleule milima yote ile ya Mgeta, na Krismasi anacheza mpira pekupeku na watoto wetu, anawapiga chenga bila haya.

Nilipokuwa mkubwa, nikiwa na mimba ya huyu mwanangu, ndipo Mama aliponieleza yaliyokuwa yamefichika. Kila asubuhi kabla sijaamka alikuwa anamkanda Mjomba goti kwa maji ya moto na kulichua. Ndiye aliyempeleka hospitali, katikati ya msimu, walikoambiwa akiendelea kuruka na kukimbia atakuja kutembelea fimbo. Mjomba alimwapisha asimwambie mtu. Naye hakumwambia mtu. Rudini muangalie, hakutamka neno goti mbele ya wale watu hata mara moja. Hata baada ya hapo aliendelea kumrudisha kwenye meza ili wasiulize anaumwa nini, akitegemea kwamba ligi itakwisha mapema, timu itashindwa kama kawaida yake, na goti litapumzika. Hakutegemea mtoano. Hakutegemea watu wa Dar.

Hilo nililipokea kwa urahisi. Kila mtu angesema Mama alifanya vizuri. Lakini nilikuwa bado na swali langu la utotoni, nikamuuliza ingekuwaje kama Mjomba angecheza. Nilitaka aniambie kwamba haikuwa hasara kubwa, kwamba mguu ule usingefanya lolote siku ile, kwamba tungefungwa tu.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Angefunga," alisema. "Yule beki wao wa kulia alikuwa mzito, anageuka kama lori. Pius angempita hata kwa mguu mmoja. Angefunga, wangemchukua, na angecheza huko labda mwaka."

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa.

Nilikuwa nimeamini kwamba anayekutoa kwenye kikosi ni yule asiyekuamini. Ndivyo walivyokuwa wanaume wa meza ile, wakikuamini wanakupanga, wakikuchoka wanakuweka karibu na pilipili. Kumbe kati ya wote waliokaa pale, Mama ndiye aliyemwamini Mjomba kuliko wote, mpaka siku ile ya lori na baada yake. Aliliona lile bao wiki nzima kabla ya mechi, mpira unavyotoka mguuni, kipa anavyochelewa, mtaa wetu unavyopagawa. Akalikataa.