Brashi ya Baba na Shavu Lililolala

Brashi mpya ya manyoya ya nguruwe ikitumbukizwa kwenye maji ya moto hutoa harufu ya banda. Kwa sisi tuliokulia Iringa haikuwa harufu ya kukunja pua, maana nyuma ya majiko mengi ya mtaani kwetu Mlandege walikuwepo nguruwe wawili watatu wakiguna tangu alfajiri. Lakini harufu ile ikichanganyika na sabuni, na moshi wa kuni, na ule ubaridi wa Julai unaofanya vidole vikatae kufunga vifungo vya sare ya shule, hupata ukali wake wa peke yake. Mimi ni mtu mzima sasa, nina nyumba yangu Mbalizi na wanangu wamenizidi kimo, na bado siipendi. Wengine utoto wao unanukia maandazi na maembe mabivu. Wangu unanuka nguruwe aliyeloana, na mwaka huu harufu hiyo imenirudia.

Baba yangu alikuwa fundi rangi. Alipaka nyumba za watu, shule, na kanisa letu la Kilutheri mara zaidi ya moja, na katika maisha yake yote alibishana na watu kuhusu brashi. Nailoni aliiita takataka. Alisema unywele wa nguruwe ncha yake imegawanyika, kwa hiyo unashika rangi na kuiachia taratibu, ilhali nailoni ni kama mgeni asiye na adabu, anakunywa chai yote halafu anaimwaga mlangoni. Brashi ya kunyolea ndevu aliichagua kwa macho yaleyale. Aliitanua kwa dole gumba aone kama nywele zimesongamana hadi katikati, akaivuta kidogo aone kama zinang'oka, kisha akaikandamiza kwenye kiganja, maana brashi inayolala moja kwa moja haitainua povu. Ikishanunuliwa ilihitaji subira. Unailoweka kwenye maji ya moto wakati unakunywa uji, unaizungusha kwenye sabuni, ukimaliza unaikung'uta na kuitundika kichwa chini ikauke. Wiki za kwanza inakwaruza na kunuka. Kadiri unavyoitumia ncha zinapasuka, inalainika, na harufu inakwisha. Jumamosi mchana baba alitundika kioo kwenye msumari wa nguzo ya jiko, akajipaka povu hadi masikioni, akatukimbiza uani akitutisha kwamba yeye ni mzungu. Jumapili alisimama kanisani kusoma neno, uso unang'aa, na mama alikaa benchi la mbele akijifanya hamtazami.

Mwaka mmoja kiharusi kilimwangusha akiwa anaosha brashi zake za kazi. Kutoka hospitali alirudi akiwa amepungua, kama nguo ya mtu mwingine imevalishwa mifupa yake. Mguu ulianza kukokoteka baada ya muda, na maneno yake yalirudi, ingawa yalitoka yamepinda. Lakini shavu la kushoto lililala. Uji ulimtoka pembeni mwa mdomo asijue, nzi alitua akatembea, na baba akaendelea kuongea na wageni waliokuja na salamu zao za kamwene na mikungu ya ndizi. Nilimwona mama akijikaza asimfute mbele ya watu. Jumapili ya kwanza baba alikataa kwenda kanisani. Alisema hatasimama mbele ya madhabahu na uso uliokufa nusu, na kwamba siku shavu litakapoamka ndiyo siku atakayotoka nje ya ua ule. Tulidhani ni hasira za ugonjwa. Ikapita Jumapili nyingine, na nyingine, na baba, mzee wa kanisa aliyezoea kuzungukia wagonjwa, akageuka kuwa mgonjwa anayezungukiwa.

Muuguzi mmoja alikuwa ametushauri tulisugue shavu mara kwa mara kwa vitu laini na vigumu, huenda likakumbuka kazi yake. Alisema huenda. Baba alilisikia shauri lakini ile huenda hakuisikia. Kaka yangu Festo, aliyekuwa akifanya kazi Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi, alikuwa anakwenda kwa wakwe zake upande wa Mbeya, na baba akamwagiza apitie sokoni Mbalizi amletee brashi mpya za kunyolea. Kaka alileta mbili. Moja ilikuwa nyeupe, laini, yenye mpini wa kupendeza, lakini baba aliivuta nywele akasema haitadumu. Ya pili ilikuwa nyeusi, ngumu kama ufagio wa chooni, na mpini wake umepakwa rangi vibaya kiasi kwamba baba aliucheka. Alizijaribu zote kwenye shavu zima, lile la kulia, macho amefumba. Ile nyeusi ilimfanya ashtuke. Akaiinua kwa mkono wake wa kulia akasema, "Hii. Hii hata jiwe litaisikia."

Swali likawa nani atamsugua, maana mkono wake mwenyewe ulichoka upesi, na tena alisema mtu hawezi kujishtua mwenyewe. Mama alishinda shambani hadi jioni. Mke wa kaka, wifi yangu Atupele, alikuwa ameletwa kutusaidia tangu baba augue, lakini yeye ni Mnyakyusa wa Rungwe aliyelelewa kwa mila za bibi yake, na kwao mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe, sembuse kumgusa. Alimpikia baba, akamfulia, akamchemshia maji, kisha akaweka kila kitu mahali na kujificha nyuma ya ukuta wa jiko hadi mimi nije kukichukua. Watu wa mtaani walimcheka kwa hilo. Mimi nilimpenda, kwa sababu alikuwa mtu mzima pekee nyumbani aliyeogopa kitu kidogo kuliko vile tulivyoviogopa sisi. Basi kazi ikawa yangu, mtoto wa mwisho, binti wa darasa la nne.

Kila jioni nikitoka shule nilivua sare, nikachukua brashi ikiwa kavu, nikasimama mbele ya kiti cha baba. Alifumba macho ili asidanganywe nayo. Nilianzia chini ya jicho, nikashuka hadi taya, nikazunguka, nikauliza, "Baba, unasikia?" Alijibu, "Bado, mwanangu." Kutoka nyuma ya ukuta wifi aliuliza kwa sauti ya chini, "Amesikia?" Nami nikajibu bado. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yetu ya jioni. Wenzangu waliniita mchezoni wakachoka kuniita. Nilikuwa nimejifunza kusugua kwa mduara, kwa mistari, kwa kugonga na ncha, na shavu lilikuwa jekundu, limechubuka, na halina habari.

Tatizo lilikuwa Jumamosi. Jumamosi mama alimnyoa, na mama aliloweka brashi. Baba alimwomba aitumie kavukavu ibaki ngumu, na mama akamwambia kwamba mume wake hatakwanguliwa kama sufuria wakati yeye yupo hai. Nilimwomba atumie ile nyeupe, lakini ilikuwa imeanza kunyonyoka na kuacha nywele kwenye povu, kama baba alivyotabiri. Kwa hiyo kila Jumamosi ile nyeusi iliogeshwa maji ya moto na sabuni, na kila Jumapili niliigusa kwenye mkono wangu nikaona imepungua ukali. Bandu bandu huisha gogo. Harufu ya banda ilififia. Ncha zilipasuka, nyeupe kidogo mwishoni, jambo ambalo siku nyingine baba angeliita neema. Brashi ile ilikuwa inakuwa nzuri, na uzuri wake ulikuwa unatuua. Nililala nikihesabu kichwani ni lini italainika kabisa kabla shavu halijaamka, na sikuwa na mtu wa kumwambia hofu hiyo. Mfa maji haachi kutapatapa. Nilikuwa naichomeka kwenye majivu nikidhani yatairudishia ugumu.

Ilikuwa jioni moja kabla ya mvua, joto la vumbi limetanda, na mimi nilikuwa nimechoka hadi machozi yananitoka bila sababu. Baba alikuwa amekaa, macho amefumba. Nilisimama mbele yake lakini sikuanza, kwa sababu unywele mmoja wa brashi ulikuwa umelegea na nilitaka kuung'oa kwanza. Nadhani alinisikia nikivuta makamasi. Brashi ilikuwa mikononi mwangu, chini, karibu na tumbo langu, haijagusa kitu.

"Nasikia," baba akasema.

Nyuma ya ukuta mfuniko wa sufuria ulianguka. Wifi Atupele alitokeza mbio, mila amezisahau, akamwona baba uso kwa uso, akajifunika kanga usoni, kisha akakimbia barabarani kumpokea mama kwa habari hiyo. Baba akafumbua macho akitabasamu kwa ule upande wake mmoja. Aliniangalia, akaiangalia brashi mahali ilipokuwa, na tabasamu likamtoka polepole. Tulitazamana. Sijawahi tena kutazamwa hivyo na mtu yeyote. Akaninyooshea mkono wa kulia, akaichukua brashi, akasema, "Umekonda, mwanangu. Inatosha."

Jumapili ile baba alikwenda kanisani. Ilimbidi, alikuwa ameahidi. Mama alimnyoa kwa brashi ile, sasa laini kabisa, akamfunga tai. Alipotoka nje ya ua majirani walisimama. Tulipeleka jogoo wa shukrani, na baada ya ibada aliponadiwa pale nje watu walishindana kumnunua kwa sababu ya muujiza wetu, wakamnunua, wakamrudisha anadiwe tena. Baba alisimama katikati yao, leso imeshikwa kwenye kona ya mdomo, akipokea pongezi za shavu ambalo halikuwa limefanya lolote. Mimi nilikuwa pembeni yake na nilitamani ardhi inimeze. Baada ya hapo hakuna aliyemsugua tena, maana alikuwa amepona. Mvua zilipokolea kiharusi kilirudi mara ya pili na hakikuacha upande. Mama alimnyoa mara ya mwisho yeye mwenyewe, maiti ikiwa imelazwa chumbani, na alisema kwa kujivunia kwamba angalau Mungu alimrudishia shavu lake kabla ya kumchukua. La kuvunda halina ubani, lakini mama alikuwa na ubani wake, nami sikumnyang'anya. Amekufa nao.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba imekuwa ndefu kuliko maisha yake. Juni hii kaka Festo, ambaye sasa ni mstaafu na amerudi kwenye nyumba ileile ya Mlandege, alianguka bafuni. Upande uleule wa kushoto, na yeye hata maneno hayajarudi. Wifi alinipigia simu huku Mbalizi. Hakulia. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu anayejua dawa ilipo. Alisema, "Wifi, njoo na ile brashi ya baba. Mimi na wewe tuliona ilivyofanya."

Ninayo. Mama alinipa nilipoolewa, kama kitu kitakatifu. Niliitoa kwenye boksi nikaipitisha shavuni kwangu, na ilikuwa laini kama manyoya ya kifaranga. Nikazunguka soko la Mbalizi kutafuta nyingine ngumu. Vijana waliniangalia kama niliyeomba taa ya chemli. Siku hizi wananyolewa saluni kwa mashine, na brashi walizonionyesha zilikuwa za nailoni, za kupangusia poda shingoni. Kila kitu kimekuwa rahisi tangu utoto wangu. Presha inapimwa dukani kwenye kona, mtaalamu wa viungo anakuja nyumbani kwa kaka na anaonyesha mazoezi kwenye simu, barabara ya Iringa ni lami tupu. Sijui kwa nini nilitegemea kwamba na kukata tamaa kutakuwa kumebadilika.

Kaka alikuwa amekaa uani, kwenye kiti kingine lakini mahali palepale, shati limelowa upande mmoja. Wifi alinipokea kwa mikono miwili, akaishika brashi, akaibusu, akanirudishia. Akasema kazi ni yangu, maana mkono wangu ndio wenye baraka, yeye amejaribu kwa kitambaa hadi kwa gunzi bila jibu. Kisha akaenda jikoni kuchemsha maji. Nilisimama mbele ya kaka. Safari nzima nilikuwa nimejiambia nitamweleza wifi ukweli, taratibu, kabla matumaini hayajaota mizizi. Niliishika brashi mkononi, kavu, bila kuiinua.

"Wifi," aliita kutoka nyuma ya ukuta uleule, na sauti ilikuwa ileile, "amesikia?"

Kaka Festo alikuwa ananitazama. Yeye siku ile alikuwa Mgololo, alisimuliwa tu kama wengine, na kwenye macho yake niliona kwamba alikuwa ameniamini mimi na brashi yangu kwa miaka yote hiyo.

"Amesikia," nikasema.

Jikoni wifi akaanza kushukuru kwa Kinyakyusa. Kaka aliiangalia brashi, chini mkononi mwangu, haijamgusa. Halafu akageuza uso wake polepole, akanipa lile shavu zima, la kulia.