Siku Papa Alinipa Franga za Kermesi

Enzi zetu, sisi batoto ba Musienene, hatukuwa na parke za michezo kama hizi za Butembo ya leo, zenye nyumba ya plastiki ya kujazwa upepo na muziki wa kuumiza masikio. Tulikuwa na kermesi ya parokia, sikukuu ya kula na kucheza, mara moja kwa mwaka, na ilitutosha. Juma zima mbele yake hakuna mutoto aliyekataa kutumwa maji. Mama alikuwa anasema, «Kama kermesi ingekuwa kila mwezi, mimi singezeeka mbio.»

Wee, kermesi ile! Huku moshi wa brosheti, mishikaki ya mbuzi, kule mandazi yanavimba mu mafuta, na chini ya hema ya bamama kuna sukre, soda nyekundu ya chupa, imelazwa mu beseni ya maji baridi kama mutoto mwenye homa. Lakini kitu kilichotutoa akili hakikuwa cha kula. Ni chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, yenye kubeba viazi na makala kwenda sokoni. Siku hiyo vijana baliiosha, bakaifunga maua mbele, na kwa franga kidogo balikupandisha na kukushusha mulima wote wa nyuma ya kanisa. Batoto balifika chini banacheka, nguo zimejaa vumbi nyekundu.

Nilitamani chukudu ile mwaka muzima. Kermesi iliyotangulia balinirudisha, eti mimi mudogo, nitaanguka. Nililia mpaka kamasi. Donc kila Jumapili nikawa najipima ku mulango wa jikoni, nione kama nimekua. Na nilikuwa nimekua, bien!

Shida ilikuwa sheria ya Papa. Kwetu, mwenye kukata nyama alichukua kipande cha mwisho, bengine bakishachagua. «Mwenye kushika kisu hapana chagua,» Papa alisema, na sheria hiyo aliipeleka mpaka ku kermesi. Hakugawia kila mutoto franga zake. Alizifunga mu kitambaa, akampa mutoto mumoja azishike. Bale bengine balichagua, kila mumoja kitu kimoja tu. Mwenye kitambaa alilipa, akaonjeshwa, basi. Kukishika ilikuwa heshima kubwa, na kila mwaka nilimuomba Mungu heshima hiyo iende kwa mwingine.

Asubuhi ile Papa alitutazama sisi batatu: mimi Masika, mukubwa, mudogo wangu Mumbere, na Kavira, kitinda mimba wetu. Akaweka kitambaa mu mukono wangu.

«Masika, sasa wewe ni mutu mukubwa.»

Nilisema merci Papa. Kisha nilizunguka nyuma ya nyumba, nikalia kidogo, nikapangusa macho, tukaenda.

Kavira hakusumbua mutu. Alichagua sukre. Kunywa kwetu kulikuwa kwa kidole: unaweka kidole gumba ku chupa, unakunywa mpaka hapo, usipite, na macho ya benzako yote yanatazama koo yako. Kavira gesi ilimutokea mu pua, machozi yakamwagika, na bado akaomba Mungu amubariki aliyetengeneza sukre. Batoto ba leo banaacha chupa nusu, banauliza kama kuna ya rangi ingine.

Ikafika zamu ya Mumbere. Sasa Mumbere alikuwa tumbo lenye miguu. Majirani balificha sufuria bakimuona. Juma zima aliimba brosheti, mpaka mu usingizi. Akasimama mbele ya makala, mafuta yanadondoka, yeye anameza mate. Muchomaji alishainua kijiti kimoja. Hapo Mumbere akageuka kunitazama. Sikumuambia neno, nawaapia. Nilikuwa natazama tu kule juu, kwenye chukudu yenye maua.

«Mi nachagua chukudu,» akasema.

«Weye? Na brosheti?»

«Chukudu. Lakini naogopa. Masika, upande mu fasi yangu.»

Aogope nini, Mumbere! Mutoto aliyepanda muti wa avoka wa padri mpaka kileleni, akashuka anakula!

«Kweli, Mumbere?»

«Toa franga mbio, akili yangu isigeuke!» Alisema hivyo amegeuzia brosheti mugongo.

Nikapanda. Jamani, nieleze nini? Upepo ulinijaa mu nguo, nikaita batakatifu bote ninaobajua na bengine niliobatunga hapo hapo. Pale chini ku majani nilianguka, nikameza vumbi, nikacheka mpaka mbavu. Mpaka leo sijui furaha iliyopita ile, na nimeolewa, nimezaa.

Jioni Papa akauliza kila mutu alichagua nini. Kavira akasema sukre. Mumbere akainuka.

«Mi nilipanda chukudu, Papa.» Akaeleza kona zote kwa mikono, na mulio wa magurudumu juu yake.

Papa alitazama shati lake, safi kama alivyolivaa asubuhi. Akatazama nguo yangu, vumbi mpaka mu nywele. Sheria ilikuwa imevunjika na kila mutu anaona.

«Ee, Mumbere,» Papa akasema pole pole. «Unajua kushuka mulima.» Mama akaingia jikoni kucheka. Usiku huo kulikuwa kuku, Papa mwenyewe akaikata, akamuachia Mumbere achague wa kwanza.

Jumapili iliyopita nilipeleka batoto bangu babili ku parke, huku Butembo. Kila mumoja na franga zake, sahani yake, chupa yake. Kijana alichukua kuku na frite za viazi, akaipiga picha mpaka ikapoa. Dada yake alizunguka na biskuti, akasimama muda murefu mbele ya ile nyumba ya plastiki, akarudi kukaa. Hawakugombana hata kidogo, na mimi nilifurahi, maana enzi zetu tungekuwa tumeshapigana mara mingi.

Mu njia ya kurudi nikamuuliza kijana, «Dada yako leo alitamani nini kupita vyote?»

Akageuka kunitazama, mutoto wa batu.

«Mi hapana jua, Mama. Umuulize yeye.»