Lori Lililosikia Baridi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya chai ya saa nne. Leo nacheka peke yangu nikikumbuka, lakini asubuhi ile pale Mbeya, katika karakana ya kampuni moja ya kujenga barabara, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam, ufundi nimejifunza kwenye gereji ya mjomba, na nilijiona fundi aliyekamilika. Nikapewa lori nibadilishe mpira wa rejeta. Nikaubadilisha vizuri tu. Kisha, ili wajue nimekuja na maujuzi ya mjini, nikafungua nyumba ya themostati, nikaitoa, nikaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Hakuna aliyenituma.

Kwa msioijua, themostati ni kidude kidogo chenye springi kinachokaa kwenye njia ya maji, kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi, kinafunga njia ili maji yabaki ndani yapate moto haraka. Yakishapata moto, kinafungua yaende kupozwa. Kule pwani tulikuwa tunakitoa na kukitupa, tukisema ni kidude cha nchi za theluji, sisi kitatusaidia nini.

Fomeni wetu, yaani msimamizi wa mafundi, alikuwa Mnyakyusa mfupi wa kutoka Tukuyu, asiyevua sweta lake la kijani jua liwake lisiwake. Aliichungulia ile ndoo, akaniita.

"Gwe! Nani kakwambia uitoe hii?"

"Tunaitoaga, bosi. Huku kwetu Afrika ni joto."

"Afrika ipi? Wewe hapo umevaa nini?"

Nikajitazama. Nilikuwa nimevaa makoti mawili na kofia ya sufu.

"Haya," akasema. "Wewe unavaa makoti mawili, halafu lori unalivua nguo! Nenda kwenu."

Nikaenda mpaka getini, nikasimama pale nikiwa sijui basi la Dar linaondoka saa ngapi. Saa nne mpishi wa chai akaja kuniita. Nilimkuta Fomeni amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, na ndani ya sufuria ya maji ameitumbukiza ile themostati kwa uzi. "Tazama, usipepese," akaniambia. Maji yakaanza kutoa mvuke na, jamani, kile kidude kikafunguka chenyewe! Taratibu kabisa, hakuna aliyekigusa. Nikakitoa nikakitia kwenye maji baridi, kikafunga. Nikakirudisha jikoni, kikafungua. Nilirudia mara nne mpaka mpishi akalalamika kwamba sufuria yake itanuka dizeli. Nimeona mengi tangu siku ile, lakini furaha ya namna ile sijui kama niliipata tena mara tatu maishani.

"Injini ni mgonjwa asiyesema," Fomeni akaniambia. "Kabla hujamtamkia mwenye gari neno lolote, jua kwanza mgonjwa ana joto gani." Nikarudishwa kazini, nikakaa naye miaka mingi.

Baadaye nilihamia Makongolosi, kwenye machimbo, chini ya Mkuu wa Mitambo aliyependa utani kuliko chakula. Vumbi la kule lilikuwa linaingia hadi kwenye ugali. Wachimbaji waliopata dhahabu kidogo walikuja na magari yanayong'aa, na yeye akiyatazama anasema, "Gari jipya ni gari la zamani ambalo bado halijaonja vumbi letu." Mwenye kusafisha chujio la hewa kila jioni alidumu na gari lake. Asiyesafisha alituletea tushushe injini, maana yake tuitoe yote, tuifumue, tubadilishe ringi na beringi. Mimi niliipenda sana kazi hiyo. Umefumua injini mpaka imebaki boksi tupu, umeipanga tena wiki nzima, unapiga stata, kimya. Unapiga tena, inakohoa. Mara ya tatu inanguruma, na watu wazima wanapiga makofi kama timu yao imefunga goli!

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Iringa mjini, katika chama kimoja cha akiba na mikopo. Cheo changu kilikuwa Mkaguzi wa Magari. Mwanachama akitaka mkopo wa kununua gari jingine, mimi nakagua kwanza analolitumia. Likiwa bado lina uhai, chama kinampa mkopo mdogo wa matengenezo. Likiwa limekufa, anapewa mkopo mkubwa wa kununua, naye anaweka dhamana, yaani mali ambayo chama kitaichukua marejesho yakimshinda. Meneja wa Mikopo, mama mmoja wa Kibena asiyepoteza maneno, alinipokea hivi: "Fundi, hapa wewe ndiye daktari. Ukiniandikia limekufa, mimi nazika. Sichungulii jeneza."

Ndipo akaja Mama Faraja. Alikuwa mjane wa kule Kilolo mwenye lori la Isuzu lililokula chumvi, akibeba viazi kuleta mjini na kurudi na mbolea, na usukani aliushika mwenyewe. Lori lilikuwa linakunywa dizeli bila aibu, linatoa moshi mweupe, na mlimani lilikuwa linavuta kwa taabu. Mafundi wawili walishamwambia ni la kuuza kwa kilo. Alitaka mkopo anunue jingine, na dhamana aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, shamba la miti ya paini alilolipanda yeye na marehemu mumewe, mche kwa mche. Miti ilikuwa bado myembamba, haijafika kuvunwa. Ilikuwa ndiyo ada ya mabinti zake wawili, na alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Nililikagua lori asubuhi moja ya mwezi wa sita, ukungu umeshuka hadi kwenye paa za nyumba. Nikafungua mfuniko wa oili. Chini ya mfuniko kulikuwa na kitu cheupe kizito kama uji. Kila fundi anajua maana yake, au anadhani anajua: maji yameingia kwenye oili, silinda hedi imepasuka. Silinda hedi ni kifuniko cha juu cha injini, na ikipasuka kwenye lori la umri ule, watu wengi hawahangaiki tena. Nikazunguka mbele, nikaona kipande cha boksi kimechomekwa mbele ya rejeta.

"Hili boksi la nini, mama?"

"Gari yangu inasikia baridi, baba. Bila kuifunika haiendi vizuri."

Nilicheka. Naandika wazi kwamba nilicheka, tena kwa sauti. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi nikitamani kurudi ofisini, basi nikaiweka fomu gotini nikaandika: *Silinda hedi imepasuka. Injini haifai.* Nikasaini.

Mambo yakaenda mbio. Tulikwenda naye Mbeya kukagua lori la mtumba kutoka Japani, jeupe, zuri ajabu, lenye redio inayoongea Kijapani. Mama Faraja alikaa kwenye usukani akapigwa picha, akaituma kwenye kundi la kwaya yao, na simu yake ikaanza kulia hongera bila kupumzika. Hata mimi nilifurahi kama lori ni langu. Meneja akapanga kusaini mkataba siku ya Ijumaa mchana. Alhamisi akanituma Kilolo nikalipige picha shamba la dhamana, na kwa kuwa Mama Faraja alikuwa anarudi na mbolea, nikapanda lori lake.

Tukaanza kupanda milima. Mzigo mzito, gia ya pili, injini inalia. Mimi nimekaa nashangaa mashamba ya watu, mara macho yakatua kwenye mshale wa joto. Kwenye mlima ule, na mzigo ule, mshale ulitakiwa uwe umepanda. Ulikuwa umelala chini kabisa, kama gari limewashwa sasa hivi.

"Mama, huu mshale ni mbovu?"

"Mzima. Siku nikiweka boksi kubwa unainukaga kidogo."

"Na maji ya rejeta unaongeza kila siku?"

"Niongeze ya nini? Tangu mwaka jana hayajapungua."

Silinda hedi iliyopasuka inakunywa maji! Haiwezi kukaa mwaka bila kunywa!

"Simamisha gari!" nikapiga kelele. Masikini, akadhani breki zimekatika, akakanyaga kwa miguu yote miwili hadi mifuko ya mbolea ikaruka. Nikashuka, nikasubiri lipoe, nikafungua nyumba ya themostati. Tupu! Kulikuwa na ganda tu na alama ya bisibisi. Fundi fulani, mjuaji kama nilivyokuwa mimi, aliitoa akaitupa. Injini haikuwa imewahi kupata moto inavyotakiwa katika milima hii yote. Dizeli haikuwaka vizuri ikawa moshi mweupe, na unyevu wa hewa ukaganda chini ya mfuniko ukawa ule uji. Lori lilikuwa linasikia baridi. Mwenyewe alinieleza kwa Kiswahili safi kabisa, nami nikacheka.

Nilidhani atafurahi. Alikasirika.

"Kwa hiyo lori jipya nisilipate? Watu wote nimeshawatangazia! Au mnaona mjane wa Kilolo hastahili kitu kizuri?"

"Kosa ni langu, mama. Niliandika uongo bila kujua."

Akageuka akaegemea bampa. Ng'ambo ya bonde shamba lake lilionekana, miti imejipanga kijani kibichi. Alilitazama mpaka nikaona aibu kusimama karibu naye.

"Ukiweka hicho kidude halafu gari ikakataa?"

"Utasaini mkataba wako kesho uende na lori lako jipya, kisha mimi mwenyewe nitaandika barua ya kuacha kazi."

"Nakupa mlima mmoja," akasema.

Tulishusha mbolea, tukarudi mjini, nikanunua themostati, nikaifunga, nikamwaga oili chafu na kuweka mpya. Ijumaa asubuhi tukaurudia mlima uleule tukiwa na mzigo mwingine wa mbolea. Boksi nikalichomoa nikalikalia ili asije akalirudisha. Mshale ukaanza kupanda. Ukafika katikati, ukasimama hapohapo. Moshi ukakatika. Lori likakamata gia ya tatu mahali ambapo kwa miezi mingi lilikuwa linatambaa, na Mama Faraja akaachia sauti ya kwanza ya kwaya, bonde zima likaitika. Nami nikaimba, mimi ambaye hata kanisani naambiwa nipunguze!

Lakini Meneja alikuwa anasubiri na mkataba mezani.

"Kamwene, fundi. Uliniandikia limekufa. Leo unaniambia limefufuka?"

"Nilikosea, Meneja. Halikuwa limekufa. Lilikuwa linasikia baridi."

Alinitazama, akamtazama Mama Faraja, akanitazama tena. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuitunga ile barua kichwani. Akanisukumia fomu mpya. "Andika hivyohivyo ulivyosema. Na uandike nani alikwambia wa kwanza." Kwenye faili la chama, chini ya sahihi yangu, maneno ya Mama Faraja yapo mpaka leo. Alipewa mkopo mdogo wa tairi na breki, na shamba halikuguswa.

Msije mkasema mzee huyu anachukia mikopo. Miaka kadhaa baadaye fremu ya lile Isuzu, yaani uti wa mgongo wa lori, ilioza kwa kutu na kukatika, na fremu iliyokatika haina themostati. Mama Faraja akaja kuomba lori jingine. Nililikagua la zamani siku mbili, nikapima joto lake, nikamsikiliza mwenyewe mpaka akachoka kuongea, ndipo nikaandika: *Limekufa kweli.* Miti ilikuwa imeshakomaa na nusu yake imeuzwa mbao Mafinga, mabinti wako vyuoni. Marejesho hayakumsumbua. Vijana huniuliza kipi bora, kukopa gari au kukarabati la zamani. Mimi huwauliza tu la kwako lina nini, na wengi hugundua hawajui.

Nilistaafu mwaka jana. Siku ya kuniaga, katikati ya hotuba ya Meneja, honi ikapigwa nje kama ya harusi. Mama Faraja na lile lori lake la mkopo, nalo jeupe! Mabinti zake wawili wakashusha kitu kimefunikwa kanga, wakakiweka mbele yangu. Akakifunua. Ilikuwa meza ya kuandikia, ya mbao za paini, bado inanukia shambani.

"Fundi," akasema mbele ya watu wote, "siku ile uliandika vibaya kwa sababu ulikuwa unaandikia gotini. Haya, kuanzia leo uandikie mezani."

Ukumbi ukapasuka kwa vicheko, mimi nikicheka huku nafuta machozi. Meza iko hapa dirishani kwangu, na haya yote nimeyaandikia juu yake.