Kutembea Bila Kukalishwa: Kutoka Juru hadi Mbarara na Kurudi

Niliondoka Juru, kijiji chetu katika makazi ya wakimbizi, kwenda mjini Mbarara nikiwa na hasira, na hilo nalisema kwanza ili msomaji asinihurumie bure. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umepita. Homa ya mapafu ilinilaza hospitalini majuma kadhaa, Mungu akanirudishia pumzi, nami namshukuru kila asubuhi. Kilichobaki ni woga. Nikitembea hatua mia mbili tu, moyo ulianza kupiga mbio, vidole vikawa baridi, nikaamini kwamba nakufa pale pale. Mimi ni katekista. Nimewasimamia wengi kaburini bila sauti kukatika, na sasa nilikuwa naogopa njia.

Kwa miaka mingi nimewafundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, wa kigango kilicho ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa moja kwa miguu. Pikipiki haifiki huko, maana kinamasi kimelazwa magogo tu. Jumapili iliyotangulia safari hiyo mwenyekiti wa halmashauri ya kanisa, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kufanya ishara ya msalaba, alisimama mbele ya watu katika kanisa la Juru akasema, "Mzee wetu apumzike. Asipofika kwa miguu Jumapili ijayo, darasa tutampa mwingine." Kisha akawaomba waniombee imani, kwa sababu mwenye imani haogopi.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilifunga viatu. Nilikuwa na miadi Mbarara ya kupimwa. Kutoka kwangu hadi magari yanapopakia ni nusu saa kwa mtu mzima wa afya, nami niliazimia kutembea, kama nilivyojaribu kila asubuhi mwezi huo.

"Utafika?" mke wangu akauliza.

"Nitafika."

"Basi unisalimie viti vyote," akasema, akaingia ndani na ufagio wake.

Alijua anachosema. Kwetu mzee aliyeugua hapiti mbele ya nyumba ya watu bila kutolewa kiti, na kukikataa ni kama kusema nyumba hiyo inanuka. Nyumba ya kwanza walinitolea kigoda. Ya pili, kiti cha plastiki, tena wakakifuta kwa kanga. Ya tatu anakaa Mama Furaha, Mkongomani wa Fizi, muuza unga wa muhogo.

"Papa Katekista, ikala kidogo. Unapita tu kama mutu hatujuane?"

"Nimekwisha kukaa mara mbili, mama."

"Kwa bale ulikala, kwangu ndiyo hapana? Kiti yangu iko na kunguni?"

Nikakaa. Nilikaa nyumba saba. Nilipofika gari lilikuwa limeondoka, nikangoja jingine, nimekalishwa tena kwenye benchi la muuza chapati, huku nikiwalaani moyoni watu wema ambao hawakunikosea kitu.

Saa tatu gari lilipita Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, kuchukua abiria. Wageni wapya walikuwa wamesimama na mabunda yao wakingoja kuandikishwa. Mimi pia niliwahi kusimama pale, baada ya siku nyingi za kutembea na mtoto mgongoni, na katika njia ile yote, pamoja na mambo niliyoyaona, miguu yangu haikugoma hata mara moja. Niliwatazama nikajionea hasira zaidi kuliko nilivyomwonea mwenyekiti.

Mbarara, hospitalini, saa tano. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa binti wa Kinyankole wa umri wa wajukuu zangu. Alinibana kidude cha kupimia kidoleni akanipeleka kwenye ukumbi mrefu wenye mabenchi ukutani.

"Sebo," akasema, yaani bwana, "leo hapana kitanda. Leo wewe natembea. Enda mpaka mulango ile, rudi. Dakika sita. Hapana kaa."

Dakika ya tatu woga ulikuja. Sakafu ikawa mbali, masikio yakajaa mvumo. Nikageukia benchi. Binti alikuwa amekwisha kusimama mbele yake.

"Musee, nimesema hapana kaa."

"Moyo wangu unapasuka, mwanangu."

Akasoma kile kidude, akanishika mkono. "Moyo iko sawa. Mapafu iko sawa. Hii ni woga tu. Wacha ikuje. Wewe tembea, woga nachoka kwanza."

Lile neno lilinichoma. Nilikuwa nimesafiri asubuhi nzima kuja kuambiwa alichosema mwenyekiti. "Binti, mimi nimesali tangu sijaota ndevu," nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Sawa, sebo. Sali. Lakini ukiwa natembea."

Nikatembea. Nilimaliza dakika sita nikiwa nimekasirika na nikiwa hai. Aliniagiza nusu saa kila siku bila kukaa. Nikamweleza habari ya viti, nikidhani nimempa sababu ya kutosha. Alicheka, akauliza, "Na njia ingine hapana?"

Ipo. Inapita katikati ya mashamba ya maharage, haina nyumba hata moja.

"Kwa nini hapana pita huko?"

Jibu nililijua, nalo lilinitia haya: huko hakuna kiti. Mwezi mzima nilikuwa navilaumu viti, na kila asubuhi nilichagua njia iliyo na vingi zaidi.

Saa kumi alasiri, kurudi. Niliteremka Juru nikashika njia ya maharage. Sikufika mbali. Hapakuwa na ukuta, wala mti, wala mtu. Woga ulinikamata pale nilipouogopea. Nilisimama, kwa kuwa kusimama sikukatazwa, nikasema kwa sauti, "Bwana, umenitoa kitandani uniue kwenye maharage?" Sijawahi kusema naye hivyo. Sikuona aibu. Hasira ilinisukuma hatua moja, nikaitumia kwa ya pili, na mvumo wa masikio ukapungua.

Mbele kidogo nikamkuta Mama Furaha akichuma maharage. Aliponiona alimwaga beseni lake kwenye kanga, akaligeuza kifudifudi.

"Ikala, Papa."

"Hapana, mama. Leo sikai."

Akaniangalia vibaya. "Beseni ya mukimbizi haikustahili?"

Ningeweza kumdanganya kwamba nina haraka. "Nina woga," nikasema. "Nikikaa sitainuka. Nimeambiwa nitembee nao."

"Woga ya nini?"

"Wa kufa, nadhani."

"Wewe mwenye ulizikaka bale bote?" Akacheka hadi akashika kiuno. Kisha akatulia. "Mimi, pikipiki ikipasuka kama risasi, minalala chini, mbele ya batoto yangu. Banacheka." Akaanza kurudisha maharage katika beseni. "Basi pita. Lakini kesho usiseme nilikunyima fasi ya kukala."

Kutoka Jumanne hadi Jumamosi nilikwenda njia ile kila siku. Siku mbili nilirudi katikati, nikiwa nimeshindwa. Mke wangu akanipa uji.

Jumapili nilivuka kinamasi. Juu ya magogo woga ulikuja, nikatembea nao polepole kama mtu anayemwongoza ng'ombe mbishi. Mlangoni mwa kigango alisimama mwenyekiti pamoja na mwalimu aliyemleta achukue nafasi yangu. Nilimpita mwenyekiti bila kumpa mkono. Hilo nimeliungama baadaye.

Sikurudi na dawa kutoka Mbarara. Nilirudi na habari kwamba uvumilivu niliokuwa najisifia ulikuwa kukaa tu, na kwamba imani haimfukuzi woga mlangoni. Mara nyingine huingia naye.

Wanafunzi walisimama. Bibi mmoja wa safu ya mbele akanitazama mikono. "Mwalimu, unatetemeka."

"Naogopa," nikamwambia. "Fungueni pale tulipoishia."