Albamu Nilizozisikia kwa Sikio Moja

Kwa karibu miaka mitatu nilihakiki albamu za watu kwa sikio la kushoto peke yake, na sikumwambia mtu yeyote.

Sikio la kulia nililiacha wazi kwa ajili ya baba. Alilala chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati yetu, na alipotaka kitu aligonga kikombe cha bati kwa kijiko. Akigonga mara moja, nilijua anataka maji au kugeuzwa. Akigonga mfululizo, nilijua nimeshachelewa. Kwa hiyo nilikaa mezani sebuleni, hedifoni moja imechomekwa sikioni, nyingine inaning'inia kifuani ikipiga kelele peke yake kwenye vifungo vya blauzi, nikaandika.

Kabla ya hapo nilikuwa fundi mitambo kwenye kituo cha redio mjini. Nilikaa nyuma ya kioo, nikipandisha na kushusha sauti za watangazaji. Mmoja wao siku moja alinipa flashi na kuniambia, "Sikiliza hii, halafu uniambie kama hawa watu ni wazima." Ulikuwa muziki wa metali, lakini si ule wa kukimbizana. Magitaa yalikwenda polepole, mazito, kama lori la mawe linapanda mlima. Wimbo mmoja dakika kumi na tano, hauna kiitikio, na mwimbaji alipotokea mwishoni alipiga kelele kama mtu aliyefungiwa stoo. Wenyewe wanauita posti-metali. Niliupenda siku hiyohiyo. Kutoka hapo nikaingia kwenye muziki wa elektroniki, ule usio wa kuchezea, wa mashine zinazonguruma na kukatikakatika. Mwalimu mmoja wa sekondari wa Nairobi alikuwa na tovuti ndogo ya muziki wa namna hiyo, kwa Kiswahili, kwa wasomaji wachache waliotapakaa Nairobi, Kampala, Arusha na kwingineko. Nilimwandikia. Akanipa albamu tatu za kuhakiki kila mwezi.

Kisha baba akapata kiharusi. Aliamka asubuhi, akaoga, akakaa kitandani kujipaka mafuta ya miguu, na hakuinuka tena. Upande wa kulia wote ulikufa ganzi, na maneno yakampotea, yakabaki machache. Mama alikwishatangulia. Kaka yangu yuko Dar es Salaam na mke na watoto. Shangazi zangu walikuja kutoka Magu, wakakaa sebuleni kwetu Mkuyuni, Mwanza, na mkubwa wao akasema, "Wewe huna mume, huna mtoto, na kazi yako ni ya kubonyeza-bonyeza." Kikao kilikwisha kabla chai haijapoa. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Mwezi uliofuata niliacha redio.

Nyumba yetu iko juu, kwenye mawe. Dirishani ziwa linaonekana lote, na jinsi linavyoonekana ndivyo lilivyoniudhi. Nilikuwa nikisikiliza vijana wa nchi za barafu wakipiga magitaa kuhusu upana wa dunia, milima isiyo na mtu, bahari isiyo na ng'ambo, na mimi sijavuka geti tangu Jumapili. Nilianza kupima nyimbo kwa kazi za nyumbani. Wimbo wa dakika kumi na tisa ulitosha kumwogesha baba na kubadilisha shuka. Wa dakika nane ulitosha uji. Nyimbo fupi za elektroniki zilikuwa nzuri kwa kukunja nguo. Nilipoandika kwamba albamu fulani "inajua kusubiri", wasomaji walidhani nazungumzia sanaa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, nikisubiri baba ameze dawa.

Nisidanganye, zilikuwepo siku njema. Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha nguo kule Nyakato, kwenye mashine za kufuma. Siku moja nilikuwa namlisha, hedifoni inaning'inia, akanyoosha mkono wake mzima akaishika. Nikamwekea sikioni. Ilikuwa kazi ya mtu mmoja wa Kampala, mapigo ya mashine tu, pa-ta, pa-ta, yanayokwenda na kurukaruka. Baba alitulia kabisa. Kisha pigo moja liliporuka, akakunja uso, akaninyooshea kidole kana kwamba mimi ndiye mwenye zamu.

"Mayu," alisema. Ndivyo anavyoniita, mama, kwa sababu nina jina la mama yake. "Uzi umekatika."

Sikuwa nimemsikia akitamka maneno mawili yaliyofuatana vizuri kwa miezi. Niliyaandika kwenye uhakiki bila kusema ni ya nani. Yule mwalimu, mhariri wangu, alisema hiyo ndiyo sentensi bora niliyowahi kumpelekea.

Basi, mwaka jana ikaja albamu ya kundi la watu watatu wa Nairobi, posti-metali na elektroniki pamoja. Nilihangaika nayo. Ilikuwa na mapengo mengi. Magitaa yalipanda, yakanyamaza, kimya kikakaa muda mrefu pasipo sababu, yakapanda tena. Niliandika kwamba ni albamu baridi. Niliandika: "Haina mtu ndani. Ni nyumba iliyohamwa." Nilijisikia mjuzi sana.

Siku nne baadaye mhariri alinitumia barua iliyotoka kwa mpiga gitaa wa kundi hilo, mwanamke.

"Dada, asante kwa kutuandikia," alisema. "Lakini kuanzia wimbo wa pili mpaka wa tano mama yangu anaongea. Tulimrekodi jikoni kwake. Yuko kwenye hedifoni ya kulia pekee, na magitaa yananyamaza ili yeye asikike. Hukumsikia? Nauliza kwa sababu ameniuliza umesema nini juu yake, na sijui nimjibu nini."

Niliisoma nimesimama. Mikono ilikuwa na sabuni. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye jiwe la kufulia. Aibu ilinipanda hadi masikioni, yote mawili. Fundi mitambo mzima, niliyewahi kumgombeza mtangazaji kwa sababu kipaza sauti chake kimeegemea upande mmoja.

Nilimpigia mhariri nikamweleza yote: baba, ukuta, kikombe. Hakuwa anajua hata kwamba nina mgonjwa.

"Lakini simu inaweza kuunganisha pande zote mbili zikatokea sikio moja," alisema. "Wewe unajua hilo kuliko mimi."

"Najua."

"Sasa kwa nini hukufanya hivyo?"

Jibu nilikuwa nalo, ila sikuwahi kulitamka. Ni kitufe kimoja tu kwenye mipangilio ya simu. Nilikifikia mara nyingi na kidole kikarudi. Kila nilipojiambia nakaa nyumbani kwa muda tu, sikio moja lilikuwa la muda tu. Kukibonyeza ilikuwa kukubali kwamba hivi ndivyo nitakavyosikia mpaka baba atakapokufa. Na mtu ukishaanza kuhesabu kwa kipimo hicho, unajichukia.

"Sikutaka," nilimwambia.

Hakuuliza tena. Alinipa wiki moja. "Isikilize upya, masikio yote mawili, mahali ambapo hutaitwa."

Mahali hapo sikupajua. Nilimwendea jirani yangu, mama mtu mzima wa Kijita anayekaanga dagaa pale njia panda.

"Shikamoo mama. Nina shida ya asubuhi moja."

"Marahaba. Mwanaume?"

"Muziki."

Alinitazama kama mtu aliyetegemea jambo la maana zaidi. "Haya, nenda. Mimi nitakaa na mzee."

Niliamua kupanda kivuko cha Kamanga, kwa sababu ukishakuwa katikati ya maji huwezi kurudi mbio hata ukiitwa. Niliona hiyo ndiyo dawa yangu. Nilipata nafasi ya kukaa juu, kando ya mama mwenye kuku wawili kwenye kapu, na king'ora kilipolia nikaziba masikio yote mawili kwa hedifoni.

Alikuwepo. Mama yule wa Nairobi alikuwa kulia kwangu kabisa, karibu kama mwenye kuku. Aliuliza kama mashine imeshawashwa. Alilalamikia chumvi. Alimsimulia binti yake habari ya jirani aliyehama bila kuaga, akacheka, akakohoa, akasema subiri nigeuze hii isiungue. Yale mapengo niliyoyaita baridi yalikuwa ya kwake. Magitaa yalikuwa yanamngoja amalize kusema. Nilitamani kuzama pale nilipokaa.

Na bado sikuweza kutulia. Kila dakika mkono ulikwenda wenyewe kwenye sikio la kulia kutaka kulifungua. Kwenye wimbo wa nne kijiko kiligonga sufuria, kle-kle-kle, nikasimama. Nilisimama kweli, nikapiga hatua mbili, nikamkanyaga mwenye kuku.

"Dada, vipi? Hatujafika," alisema.

"Samahani mama. Nimesikia naitwa."

"Na nani, huku majini?"

Nilikaa. Nilitazama Mwanza inavyorudi nyuma, mawe, mabati, minara, nikajaribu kupata furaha ya mtu aliyetoka. Sikuipata. Nilikuwa nimekuja na kile chumba. Tulipofika Kamanga wenzangu walishuka wakaelekea kwenye magari yao, wengine kwenye chai. Mimi nilikata tiketi nyingine palepale na kupanda kivuko kilekile kurudi. Wimbo wa tano niliusikiliza kwa mara ya pili nikiwa nimeshika nguzo, uso umeelekea nyumbani.

Jirani alishangaa kuniona. "Mbona mapema? Hata jua halijakaza."

"Amegonga mara ngapi?"

"Agonge nini? Kikombe nimekipeleka jikoni. Nimekaa naye humu humu, tunaongea."

Alikuwa amevuta kigoda hadi kitandani na kuchambua dagaa kwenye ungo. Baba alikuwa ameinuliwa kwa mito, uso mkunjufu, dagaa mmoja mkononi. Miaka mitatu mimi nilikaa upande wa pili wa ukuta, nikitega sikio. Haikunijia kwamba kiti kinaweza kuhamishwa. Au ilinijia, na sikutaka, kwa sababu ile meza ya sebuleni ilikuwa sehemu pekee iliyobaki yangu.

Baba aliniona mlangoni. Midomo ilihangaika.

"Nenda," alisema.

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananifukuza au ananiruhusu. Nilimuuliza, akafumba macho.

Niliandika uhakiki upya. Nilisema wazi nilikosea na kwa nini nilikosea: kwamba nina mgonjwa, kwamba nimekuwa nikisikia nusu, na kwamba albamu nyingine nyingi nilizozisifu na kuziponda huenda nilizidhulumu vilevile. Mpiga gitaa alijibu kwa mistari miwili. Mama yake anampa mzee pole, na anauliza kama nimeandika pia kwamba yeye alicheka.

Aliyekasirika ni kaka. Mtu alimtumia ile makala, akanipigia mchana kutoka ofisini.

"Umetuanika."

"Sijamtaja mtu."

"Umeandika 'kaka yangu yuko mbali'. Kila anayetujua anajua una kaka mmoja."

"Na si kweli kwamba uko mbali?"

Nilisikia mlango wa ofisi yake ukifungwa. Akashusha sauti. "Kwa nini hukusema kama umechoka?"

"Nilisema. Ulisema nimsalimie mzee."

Hakujibu, na mimi sikumsaidia. Zamani ningejaza ule ukimya kwa kuuliza habari za watoto.

Alikuja baada ya wiki tatu, akakaa siku nane. Siku ya kwanza alileta machungwa na kuzungumza kwa sauti kubwa, kama watu wanavyozungumza hospitalini. Siku ya tano nilimkuta amesimama jikoni, sufuria mkononi, shingo imepinda kuelekea chumbani, hapumui.

"Umesikia kitu?" aliniuliza.

"Hapana."

"Mimi nimesikia."

Alikwenda kuangalia. Baba alikuwa amelala. Kaka alirudi, akaweka sufuria chini, akakaa sakafuni pale jikoni na suruali yake ya kazini. Hakuomba msamaha na mimi sikumdai. Alipoondoka alikuwa amezungumza na jirani, na sasa yule mama huja Jumanne na Ijumaa asubuhi, na kaka ndiye anayegharamia. Ni saa chache. Mara nyingi nazitumia kulala. Kituo cha redio kilishaajiri mwingine, na nikipita madukani nasikia redioni jinsi anavyochelewa kushusha sauti.

Kile kitufe nilikibonyeza, siku ya kawaida tu, wakati uji unachemka. Sasa pande zote mbili zinaingia sikio la kushoto. Muziki umekuwa bapa, kila kitu kimesimama mahali pamoja, lakini hakuna anayepotea. Nimeanza kurudia albamu za zamani moja moja na kuandika masahihisho. Mbili kati ya zile nilizozisifu hazifai kitu.

Jana mhariri aliniuliza kama mwezi ujao nitaweza albamu nne badala ya tatu. Nilimjibu kwamba ninaweza mbili.