Baba Yangu Alipima Nguzo Moja, Mume Wangu Yuko Mahabusu

Ndugu wasomaji, dada huyu ameomba jina lake tulifiche. Msomeni kwa utulivu.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, mama wa watoto wawili. Kwetu ni Ipogolo, Iringa. Baba yangu ni fundi mkuu wa majengo, na mume wangu alikuwa akifanya kazi chini yake.

Mwaka jana baba alipata kazi Ubaruku, kujenga nyumba ya mashine ya kukoboa mpunga. Mimi nilikuwa nikiwapikia mafundi. Kwa kuwa udongo wa kule ni laini, mume wangu na wenzake walitoboa mashimo marefu kwa kekee kubwa ya kuzungusha kwa mikono, wakayajaza zege yawe nguzo za kubeba msingi. Ili kujua nguzo moja itabeba mzigo kiasi gani, walijenga jukwaa juu yake, wakapanga magunia ya mchanga, wakaangalia kama itadidimia. Haikudidimia. Baba akapiga hesabu ya jengo zima kwa nguzo hiyo moja, tena ya upande wa juu, palipo pakavu.

Mume wangu alimwomba wapime na nyingine upande wa chini, unapopita mfereji wa maji ya mashamba, maana huko kekee ilikuwa ikitoa tope kama uji. Nilikuwa nawapakulia chakula, nikasikia baba akimjibu, “Zege ni moja. Zitabeba sawa.” Mume wangu akainamisha kichwa. Kwetu mtu habishani na mkwewe.

Masika yalipokuja, mpunga ukajazwa ndani. Ukuta wa upande wa mfereji ulititia, ukaanguka, ukamwua mama mmoja aliyekuwa akipepeta mchele.

Baba alimwambia Bwana Shauri, mkuu wa serikali anayesikiliza kesi hiyo, kwamba mume wangu alitoboa mashimo mafupi kwa uvivu. Baba yangu mzazi! Mume wangu akachukuliwa hadi Mbeya, na mpaka leo hajajitetea. Nilipokwenda kumwona nikamlilia aseme ukweli, alinijibu taratibu, “Yule ni baba yako. Siwezi kumvua nguo mbele za watu.”

Baba anaijua heshima hiyo, na ndiyo anayojifichia. Kila Jumapili anakuja kwangu, anawaletea wajukuu sukari, anakula ugali wangu, anaondoka bila kumtaja baba yao. Nilipomweleza mama niliyoyasikia, alinishika mkono akasema, “Mume utapata mwingine. Baba ni huyo mmoja.”

Sasa limetoka tangazo: aliyekuwapo wakati wa kupima aende kwa Bwana Shauri kabla ya hukumu. Mafundi wote wamekana, wanataka kazi kwa baba. Nimebaki mimi. Nikisema, nimemfunga aliyenizaa. Nikinyamaza, wanangu watakua wakiambiwa baba yao ni muuaji.

Kesho napanda basi la Mbeya. Mama amenifungashia viazi vya njiani. Anadhani nakwenda kumuaga mume wangu. Enyi mliozaa na mlioolewa, mngekuwa mimi mngesema nini mbele ya Bwana Shauri?